Kufundisha Wasumeri na Himaya za Kwanza Darasani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Walimu wengi wanaofundisha historia kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 hufika kwenye sura ya Mesopotamia, yaani nchi ya kati ya mito miwili katika Iraki ya leo, wakiwa na kurasa chache za kitabu cha kiada na vipindi vichache zaidi. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa mara nyingi na walimu wenzangu, na mengine nilijiuliza mwenyewe nilipoandaa somo hili kwa mara ya kwanza. Majibu yote yanashikilia shauri moja: somo lianzie ghalani, penye shayiri na hesabu zake, kabla halijafika ikulu.

Kwa nini mtoto wa miaka 12 ajifunze habari za watu walioishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita?

Kwa sababu katika nchi ya Sumeri tunaweza kuona, hatua kwa hatua na kwa maandishi ya wahusika wenyewe, jinsi vijiji vilivyokua vikawa miji, jinsi miji ilivyogombania maji na ardhi, na jinsi mji mmoja ulivyokuja kuitawala mingine yote. Ni nadra kupata mahali pengine duniani ambapo ngazi hizo zote zimehifadhiwa kwa ukamilifu wa namna hiyo, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: Wasumeri waliandika juu ya udongo, na udongo hauozi.

Nchini Kenya, mada ya kilimo cha awali Mesopotamia na Misri ilikaa kwa miaka mingi katika mtaala wa historia wa kidato cha kwanza, kwa hiyo mada yenyewe si ngeni kwa walimu wetu. Kasoro ni kwamba mara nyingi ilifundishwa kama orodha ya sababu za kukariri, na mwanafunzi alitoka darasani akijua sababu tano za kustawi kwa kilimo bila kumwona hata mkulima mmoja.

Nianzie wapi: kwenye ramani, kwenye miaka, au kwenye hadithi za wafalme?

Anzia kwenye ramani, lakini iwe ramani ya maji. Sumeri ilikuwa kusini mwa nchi tunayoiita leo Iraki, katika uwanda ulio kati ya mito miwili ambayo atlasi nyingi huiita Tigris na Euphrates, na ambayo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaijua kama Hidekeli na Frati. Mvua ya eneo hilo haifiki milimita 200 kwa mwaka, kiasi kisichotosha kuivisha nafaka. Mito hiyo ilikuwa na tabia nyingine ngumu: ilifurika majira ya kuchipua, theluji ya milima ya Uturuki inapoyeyuka, yaani wakati ule ule shayiri inapokaribia kuvunwa. Mto Nile ulifurika mwishoni mwa kiangazi, kabla ya kupanda, na kumwachia mkulima wa Misri shamba lililolowa tayari. Mkulima wa Sumeri ilimbidi ayazuie maji yasimharibie mavuno, kisha ayavute kwa mifereji miezi ambayo hayapo. Kazi hiyo haifanywi na familia moja.

Baada ya maji, waulize wanafunzi nchi hiyo ilikosa nini. Haikuwa na mawe ya kujengea, haikuwa na miti mikubwa ya mbao, na haikuwa na shaba. Ilikuwa na udongo, matete, mitende na kondoo. Waache wakae na swali hilo kwa dakika kumi: kwa vitu hivyo vinne, wewe ungejenga nini? Watafika wenyewe kwenye matofali, nyumba za matete na nguo za sufu. Wachache hufikiria kwamba hata mundu wa kuvunia uliwahi kutengenezwa kwa udongo uliochomwa, na wanapoonyeshwa picha ya mundu huo hukumbuka somo zima.

Kuhusu miaka, minne inatosha: karibu 3200 KK kwa maandishi ya kwanza, 2334 KK kwa Sargon, mfalme wa mji wa Akkad, karibu 2100 KK kwa Ur-Nammu, mfalme wa Ur, na 1750 KK kwa kifo cha Hammurabi, mfalme wa Babuloni. Funga kamba ukutani, kila mita moja iwe miaka 1,000, na uwaache wanafunzi wenyewe waning'inize kadi. Wataona kwamba kati ya vibamba vya kwanza, yaani vipande bapa vya udongo vilivyoandikwa, na Hammurabi kuna karibu mita moja na nusu, jambo ambalo kitabu cha kiada hulificha kinapowaweka wote katika ukurasa mmoja.

Je, Sumeri ilikuwa nchi moja yenye mfalme mmoja?

Hapana, na kosa hili lisahihishwe mapema. Eridu, Ur, Uruk, Lagash, Umma na Nippur ilikuwa miji iliyojitawala, kila mmoja ukiwa na mungu wake, hekalu lake, mashamba yake na mtawala wake, ingawa wakazi wake walizungumza lugha moja na kuandika kwa mwandiko mmoja. Mwanafunzi wa pwani ya Afrika Mashariki ataelewa upesi ukimkumbusha Kilwa, Mombasa, Malindi na Pate, miji yenye lugha na dini moja ambayo kila mmoja ulikuwa na watawala wake na mara nyingine ulipigana na jirani yake.

Nitumie neno gani: dola, milki au himaya?

Yote matatu yamo vitabuni. Mimi hutumia himaya, na huwaeleza wanafunzi kwamba neno hilo asili yake ni ulinzi: aliye chini ya himaya ya mtu yuko chini ya ulinzi wake. Kisha neno lenyewe linakuwa swali la somo. Mji uliobomolewa kuta zake na kupewa gavana mgeni ulikuwa unalindwa, au ulikuwa unatekwa? Maana ya kutosha kwa umri huu ni kwamba himaya ni utawala wa kituo kimoja juu ya watu wengi wa lugha, desturi na miji tofauti, ambao sehemu ya mazao yao huenda kwenye kituo hicho.

Uandishi ulianza kwa kazi gani, na nitaufundishaje bila vifaa vya gharama?

Hapa ndipo ninapopendekeza mwalimu atumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote, hata kama atalazimika kupunguza wafalme.

Vibamba vya kale kabisa vya mwandiko huu vilifukuliwa Uruk, mji ambao magofu yake leo huitwa Warka. Wanafunzi hutarajia kwamba maneno ya kwanza ya binadamu kuandikwa yalikuwa sala au shairi, lakini sehemu kubwa ya vibamba hivyo ni hesabu: shayiri iliyoingia, kondoo waliokabidhiwa, bia iliyogawiwa. Kibamba kimoja mashuhuri kina shayiri vipimo 29,086, muda wa miezi 37, na alama zinazosomwa Kushim, ambazo huenda ni jina la mtu au la cheo. Kiandike ubaoni jinsi kilivyo, bila maelezo, na uliulize darasa: shayiri hii iliingia au ilitoka? Nani alikuwa na haja ya kukumbuka miezi 37? Darasa lililokaa kimya kipindi kizima huanza kubishana, nami sijaona njia bora zaidi ya kumwonyesha mtoto kwamba historia ni kazi ya kusoma ushahidi.

Kabla ya vibamba, watu walitumia vijiwe vidogo vya udongo kuhesabia mali, na wakati mwingine walivifungia ndani ya donge la udongo lililotiwa mihuri, huku wakibonyeza alama nje kuonyesha kilichomo. Wanafunzi wafanye hivyo hivyo kwa mikono yao. Baada ya muda mmoja wao atasema kwamba ikiwa alama ziko nje, vijiwe vya ndani havina kazi tena. Wataalamu wengi wanaona kwamba njia ya kuelekea kwenye maandishi ilipita hapo.

Alama za mwanzo zilikuwa picha. Kichwa cha mtu kilichowekewa bakuli mdomoni kilimaanisha kula, na katika hesabu kilimaanisha posho iliyotolewa. Hatua ngumu zaidi ni ile ya picha kuwa sauti, na Kiswahili kinatusaidia sana katika kuieleza. Kwa Kisumeri neno *ti* lilikuwa mshale na pia uhai, kwa hiyo mchoro wa mshale uliweza kuandika uhai, kitu kisichochoreka. Mwambie mwanafunzi achore kaa wa baharini ili kuandika "kaa chini", au paa wa porini ili kuandika paa la nyumba. Atakuwa amefanya kwa dakika moja jambo ambalo makarani wa Sumeri walilikuza kwa karne kadhaa.

Mwandiko huu kwa Kiswahili huitwa mwandiko wa kikabari, kwa sababu kila alama ina umbo la kabari, ile ile inayopasua magogo. Kalamu ilikuwa tete lililokatwa pembe, na karani alibonyeza, hakukwaruza. Darasani udongo wa mfinyanzi unafaa, na pasipokuwa na mfinyanzi udongo wa kichuguu uliolowekwa usiku kucha na kuondolewa mawe unafaa vilevile. Kijiti cha mwanzi kichongwe ncha ya mraba. Vibamba vikaushwe kivulini visije vikapasuka. Kila mwanafunzi aandike hesabu ya kweli kutoka nyumbani au dukani, si jina lake tu, maana jina peke yake hugeuza kazi hii kuwa mapambo.

Je, ni kweli kwamba dakika 60 zinatoka kwao?

Ni kweli kwamba hesabu ya msingi wa 60 ilianza Sumeri, ikaendelezwa katika shule za Babuloni, na kupitia wanajimu wa huko ikawafikia Wagiriki na baadaye ulimwengu mzima, ndiyo sababu saa ina dakika 60 na duara lina nyuzi 360. Somo hili lifundishwe pamoja na mwalimu wa hisabati ikiwezekana. Kabari wima ni 1, kabari ya pembe ni 10, na baada ya 59 kabari wima hurudi tena ikiwa na thamani ya 60, hivyo kwamba 75 huandikwa kabari moja, nafasi, kabari moja ya pembe na kabari tano. Kisha wagawe vipimo 60 vya shayiri kwa watu wawili, watatu, wanne, watano na sita, halafu wajaribu hivyo hivyo kwa vipimo 100. Wataona mara moja kwa nini mgawa posho angeipenda 60.

Nifundisheje vita vya miji bila kugeuza somo kuwa orodha ya vita?

Chagua mgogoro mmoja na uufuatilie hadi mwisho. Unaofaa zaidi ni ule wa Lagash na Umma, miji jirani iliyogombania shamba lenye rutuba lililoitwa Gu'edena kwa vizazi kadhaa. Mesilim, mfalme wa Kish, aliwahi kuamua mpaka na kusimamisha jiwe. Baadaye mtawala wa Umma aliling'oa. Umma ililima sehemu ya shamba hilo kwa masharti ya kulipa shayiri, na deni hilo pamoja na riba yake likakua hadi lisiweze kulipika, huku maji ya mfereji wa mpakani yakielekezwa upande mwingine. Eannatum wa Lagash aliishinda Umma karibu mwaka 2450 KK na kuchongesha jiwe la ushindi, ambalo vipande vyake viko katika makumbusho ya Louvre, Paris: askari wamepangwa safu nyuma ya ngao, na tumbusi wanaruka na vichwa vya maadui midomoni. Mpwa wake Enmetena aliandika historia ya mgogoro wote juu ya koni ya udongo, na kwa hiyo tunayo maelezo marefu ya ugomvi wa mpaka yenye zaidi ya miaka 4,000.

Jambo moja lisiachwe. Habari hizo karibu zote ziliandikwa na Lagash. Ligawe darasa makundi mawili, kundi la pili liandike kibamba cha Umma: wao wangesema nini kuhusu jiwe, deni na maji? Ukiwa na beseni la mchanga lililoinamishwa kidogo na lita moja ya maji, kundi la juu lichimbe mfereji wake kwanza na kundi la chini lisubiri. Ugomvi utatokea bila kuchochewa, na mwalimu awe tayari kuutuliza.

Sargon alifanya nini ambacho wengine hawakufanya?

Lugalzagesi wa Umma aliishambulia Lagash, akashika Uruk, na akakaribia kuitawala Sumeri yote. Karibu mwaka 2334 KK alishindwa na Sargon wa Akkad, ambaye kwa maandishi yake alimpeleka hadi lango la hekalu la mungu Enlil mjini Nippur akiwa amefungwa shingoni. Sargon alibomoa kuta za miji, akaweka magavana wa Akkad, na akadai utawala kutoka Ghuba hadi maeneo ya Siria. Tofauti ni hiyo: washindi wengi wa kabla yake walichukua ngawira au kodi, lakini yeye alibaki.

Hadithi ya kuzaliwa kwake wanafunzi wataipenda, nayo inasema kwamba mama yake alimweka katika kikapu cha matete kilichozibwa kwa lami, akamwachia mto, na mteka maji aitwaye Akki akamlea. Iweke wazi kwamba nakala tulizo nazo za hadithi hiyo ni za zaidi ya miaka 1,500 baada yake. Jina lake nalo ni ushahidi: Sharru-kin maana yake ni mfalme wa halali. Waulize ni mtu wa namna gani anayehitaji kuitwa hivyo.

Lakini mstari ninaoupenda kuliko yote ni ule unaosema kwamba watu 5,400 walikula chakula mbele yake kila siku. Usiuache upite. Watu hao hawakulima. Wanafunzi wakokotoe posho ya siku moja, ya mwezi na ya mwaka, kisha warudi kwenye ramani waonyeshe shayiri hiyo ilitoka mashamba yapi. Hapo ndipo himaya inapoacha kuwa rangi kwenye ramani.

Mtaje pia Enheduanna, binti yake, aliyekuwa kuhani mkuu wa mungu wa mwezi mjini Ur, na ambaye tungo za kidini zilizobeba jina lake zinamfanya awe mtunzi wa kale zaidi duniani tunayemjua kwa jina. Kumweka baba yake kwenye jaribio na kumwacha yeye ni dhuluma kwa wasichana na wavulana wa darasa hilo.

Lugha ya Akkad ilihusiana na lugha tunazozijua?

Ndiyo. Kisumeri hakina ndugu anayejulikana, lakini Kiakadi ni ndugu wa Kiarabu, Kiebrania na Kiamhari. Kwa kuwa Kiswahili kimepokea maneno mengi ya Kiarabu, wanafunzi wetu wana bahati ya pekee: kwa Kiakadi damu ni *damu*, saba ni *sebe*, na tisa ni *tishe*. Fafanua kwamba hatukuyapokea kutoka Akkad, bali yalikuja kupitia Kiarabu.

Kuna uhusiano wowote na Omani na Ghuba?

Upo, na ni wa hakika. Sargon alijisifu kwamba meli za Meluhha, Magan na Dilmun zilitia nanga kwenye gati la Akkad. Meluhha ni eneo la bonde la Indus, Dilmun ni Bahrain na jirani zake, na Magan ni Omani ya leo pamoja na sehemu za karibu, kulikotoka shaba. Kwa familia za Waswahili wa Omani, hii ni njia ya kumwonyesha mtoto kwamba pwani anayoiona ilikuwa ndani ya hesabu za makarani wa Sumeri.

Himaya ya Akkad ilianguka kwa sababu gani?

Toa sababu kadhaa na usiwape wanafunzi moja tu. Miji iliasi mara kwa mara, na mjukuu wa Sargon, Naram-Sin, aliyejitangaza mungu na kuchongwa akiwa na kofia ya pembe kama miungu, alikabili uasi mkubwa. Watu wa milimani walioitwa Waguti waliingia. Hali ya hewa ilikuwa kavu zaidi karibu mwaka 2200 KK: mji wa Tell Leilan, kaskazini mwa Siria, uliachwa na wakazi wake, na mashapo ya chini ya Ghuba ya Omani yanaonyesha ongezeko kubwa la vumbi lililopeperushwa kutoka Mesopotamia. Wataalamu bado wanabishana juu ya uzito wa kila sababu, nao wanafunzi wa miaka 13 wanaweza kabisa kushiriki ubishi huo. Mji wenyewe wa Akkad haujapatikana hadi leo.

Hammurabi ndiye aliyetunga sheria za kwanza?

Siye. Sheria za Ur-Nammu wa Ur zilimtangulia kwa miaka kama 300, nazo kwa jeraha la jicho zilidai nusu mina ya fedha, yaani karibu gramu 250. Ilikuwa fidia. Hammurabi, aliyetawala Babuloni kuanzia 1792 KK, ndiye aliyeandika jicho kwa jicho, tena kwa watu wa tabaka la juu tu: aliyeharibu jicho la mtu wa kawaida alilipa mina moja ya fedha, na la mtumwa, nusu ya bei yake. Weka sheria hizo mbili ubavu kwa ubavu na uulize ipi ni ya haki zaidi, na kwa nani.

Nieleze kiasi gani kuhusu utumwa na vifo vya makaburini?

Eleza ukweli, kwa maneno machache. Katika makaburi ya kifalme ya Ur, yaliyofukuliwa na Leonard Woolley katika miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930, shimo moja lilikuwa na miili 74, mingi ya wanawake, waliozikwa pamoja na mkuu wao. Wakati wa utawala wa kizazi cha Ur-Nammu, maelfu ya wanawake walifuma sufu kwa posho, na kipimo cha kawaida cha mwezi kilikuwa karibu lita 60 za shayiri kwa mwanamume na lita 30 kwa mwanamke. Takwimu hiyo inazungumza vizuri kuliko picha za kutisha.

Wanafunzi huuliza kuhusu Nuhu na Ibrahimu. Nijibuje?

Kwa heshima na bila woga. Mwanzo 10 inataja Babeli, Ereku na Akadi katika nchi ya Shinari, na Ereku ndiyo Uruk. Kitabu hicho hicho kinamtaja Abramu akitoka Uru wa Wakaldayo, mji ambao wengi huutambua kuwa Ur. Mwaka 1872 George Smith, aliyekuwa akifanya kazi katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, alitangaza kwamba amesoma kibamba chenye habari ya gharika, mashua na ndege waliotumwa kutafuta nchi kavu, sehemu ya hadithi ya Gilgamesh, mfalme wa Uruk. Mweleze mwanafunzi kwamba somo la historia linauliza kibamba kiliandikwa lini, wapi na kwa ajili ya nani, na kwamba maswali ya imani anaweza kuyapeleka kwa wazazi, shehe, padri au mchungaji wake. Sijapata kuona familia ikilalamika pale mwalimu aliposema hivyo waziwazi tangu mwanzo.

Wameona video zinazodai kwamba viumbe kutoka angani ndio waliowafundisha Wasumeri. Nifanye nini?

Usizipuuze na usimkejeli mtoto. Madai hayo hayana ushahidi, na ubaya wake ni kwamba yanamnyang'anya mchimba mfereji, mfyatua matofali na karani kazi ya mikono yao. Kwetu sisi jambo hili lina uchungu wa karibu, kwa kuwa Great Zimbabwe nayo ilidaiwa na waandishi wa kikoloni kuwa kazi ya wageni kutoka mbali, ati Waafrika wasingeweza. Mpe mwanafunzi mfululizo mzima: vijiwe, donge lenye mihuri, kibamba cha namba, kibamba cha picha, kibamba cha sauti. Mtu aliyefundishwa na mwalimu kutoka angani asingehitaji karne nyingi za kujaribu na kurekebisha.

Ziggurati ni piramidi?

Hapana. Piramidi za Misri ni makaburi, ilhali ziggurati ni jukwaa la ngazi la matofali lililobeba hekalu juu yake. Ile ya Ur ilianzishwa na Ur-Nammu, na kitako chake ni karibu mita 64 kwa 45.

Nipime vipi mwishoni mwa mada?

Acha maswali ya kutaja majina ya miungu na orodha za uvumbuzi. Andaa swali moja refu na uruhusu wanafunzi watumie vibamba vyao, ramani na nakala za maandishi mliyosoma pamoja. Ninalotumia mimi ni hili: "Chagua mmoja kati ya watu hawa: mchimba mfereji wa Umma, karani wa Uruk, mfumaji wa Ur, au gavana aliyetumwa na Sargon. Eleza shayiri anayokula imetoka wapi, imepita mikononi mwa nani, nani aliiandika, na ni ushahidi gani unaokuruhusu kusema hivyo." Nusu ya alama zote ziwe za sehemu ya mwisho ya swali, na mwanafunzi anayeandika kwamba ushahidi hautoshi, akaonyesha unakatikia wapi, apewe alama zake kamili.